Mashua ya Kiribati Ukutani

Mama yake Holo huondoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Hufanya usafi katika ofisi moja Dar es Salaam, na sakafu lazima ziwe zimekauka wenye ofisi wanapofika. Kwa hiyo, hapo mtaani Picha ya Ndege, Kibaha, Holo huamka na kuanza kazi bila kuamshwa. Hufagia uwanja, huchota maji ndoo mbili, huosha vyombo, humpeleka mdogo wake kwa jirani, kisha huenda shuleni. Ana miaka kumi na miwili. Akiketi darasani, miguu yake huwa imechoka kama ya mtu mzima aliyetoka shamba.

Ijumaa moja, Mwalimu Athanas wa darasa la sita aligawa majina ya nchi. Mashindano ya michezo ya Jumuiya ya Madola yalikuwa yamekaribia. Alitaka kila mwanafunzi alete mambo matatu ya kufurahisha kuhusu nchi moja inayoshiriki.

"Mambo kumi yatakayopendeza zaidi yatachorwa ukutani," alisema. "Wadogo zenu watayasoma kwa miaka mingi."

Holo alipewa Kiribati, jina ambalo hakuwahi kulisikia. Mwalimu alimwazima kitabu chake, naye akanakili mambo mawili. La tatu alipanga kulitafuta baadaye. Lakini Jumamosi na Jumapili yeye na mama yake walikuwa kijijini Masaki, Kisarawe, kwa bibi yake ambaye magoti yanamsumbua. Walimenya muhogo wa kuanika mpaka vidole vikafa ganzi. Walirudi Kibaha kwa basi, Holo amelala begani kwa mama yake, na jambo la tatu likasahauliwa.

Jumatatu, wa kwanza kusimama alikuwa Shigela, anayekaa dawati moja na Holo. Yeye alipewa Kisiwa cha Man.

"Bendera yao ina miguu mitatu iliyoungana," alisema.

"Usitupige fiksi!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mwalimu ameiona kwenye kitabu, muulize! Hao wakikimbia nani atawashika?"

Darasa zima likacheka. Kisha ikawa zamu ya Holo. Akasema kwamba wenyeji hutamka jina la nchi yao "Kiribas". Akasema medali ya kwanza ya Kiribati katika mashindano hayo ilikuwa ya dhahabu, ya kunyanyua vitu vizito. Likabaki la tatu. Wanafunzi tisini walikuwa wanamtazama. Angeweza kusema, "La tatu sikulipata." Ni maneno machache tu. Badala yake mdomo wake ukasema, "Na huko, kila anayeshinda medali hupewa mashua mpya."

"Aisee!" Shigela alisema. "Hapa kwetu wangepewa pikipiki."

Wakapiga makofi. Mwalimu Athanas alikuwa bado na daftari tisini za kusahihisha, na macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. Hakuuliza jambo hilo limetoka wapi. Aliandika tu: *Kiribati, mashua. Lichorwe.*

Mchoraji alikuwa Babu Evance, mzee anayeandika mabango ya maduka barabarani. Wazazi walichanga makopo ya rangi iliyobaki majumbani kwao, naye akajitolea kufanya kazi bila malipo, ingawa mgongo wake haukuwa mzima. Kufikia Jumatano alikuwa amemaliza mchoro wa kwanza: bahari ya bluu, mashua nyeupe, na juu yake maneno ya Holo.

"Shikamoo, babu," Holo alimsalimia wakati wa mapumziko.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeanza na lako, limenipendeza kuliko yote. Bluu karibu yote imeishia hapo." Alimtazama vizuri. "Mbona unasinzia umesimama? Chukua." Akakata kipande chake cha muhogo wa kuchemsha, akampa Holo kile kikubwa.

Holo akakishika tu mkononi, asikile.

Pembeni yao alisimama Mwanakheri wa darasa la pili, akifuata herufi kwa kidole. Alipomaliza kusoma akageuka. "Dada Holo, baba yangu ana nguvu sana. Akienda huko akashinda, atapewa mashua?"

"Atapewa," Holo alijibu, bila kumtazama.

Kesho yake Mwanakheri alimfuata bombani, amenuna. "Baba amecheka. Amesema mashua hizo ni uongo. Nikamwambia yeye ndiye mwongo, kwa sababu imeandikwa shuleni. Amenikasirikia mpaka asubuhi hii."

Holo aliweka ndoo chini. Siku hizo zote nne alikuwa amechoka, lakini uchovu huu ulikuwa mwingine. Usingizi usingeuondoa. Akaenda moja kwa moja ukutani, ambako Babu Evance alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akijisugua kiuno.

"Babu, mashua ni uongo. Niliitunga mimi."

Mzee alitazama mchoro wake, kisha akatazama kopo la bluu, ambalo ndani yake ulibaki utando tu.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza hatimaye.

"Wewe tu."

"Basi bado hujamaliza. Nenda kwa mwalimu. Nenda mwenyewe, mimi sitakusemea."

Mwalimu Athanas alisikiliza akiwa ameshika kalamu nyekundu. Holo alingoja fimbo au makelele. Mwalimu akaweka kalamu mezani.

"Kwa nini hukusema hukupata?"

"Niliona aibu, mwalimu. Wenzangu wote walikuwa wamepata. Jumamosi na Jumapili nilikuwa shamba, nikachoka, nikasahau."

"Umekosa," mwalimu alisema. "Na mimi nimekosa, sikukuuliza umelitoa wapi. Lakini ukuta hauwezi kubaki hivyo. Jumatatu niletee jambo la kweli, na uniambie umelipataje."

Jumamosi ile, kule Masaki, Holo alimenya fungu lake la muhogo haraka, kisha akamwomba bibi ruhusa. Jirani yao, Mwalimu Ursula, alikuwa amestaafu, na alihifadhi vitabu vyake vya zamani ndani ya sanduku la bati. Alimtolea Holo atlasi, akamkunjulia mkeka barazani, akarudi kuchambua korosho zake.

Holo alitafuta hadi macho yakamwasha. Hatimaye akaita, "Mwalimu, kitabu hiki kimekosea! Kiribati imeandikwa huku mwisho wa kulia, na tena huku mwisho wa kushoto."

Mwalimu Ursula alicheka taratibu. Akachukua karatasi, akaikunja ikawa kama bomba, ncha mbili zikakutana. "Dunia ni mviringo, mwanangu. Ramani imeikata hapo baharini, mashariki inapokutana na magharibi. Ziunganishe pande hizo mbili, halafu utafute ikweta."

Holo akapitisha kidole. Visiwa vingine vilikuwa juu ya ikweta, vingine chini yake. Vingine vilihesabiwa upande wa mashariki wa dunia, vingine magharibi. Akapitisha kidole tena ili awe na hakika. Nchi moja ndogo, nayo iko pande zote nne za dunia! Hakuna aliyempa jambo hili. Alikuwa ameliona kwa macho yake.

Jumatatu mchana, mwalimu akiwa amelikubali jambo hilo, Babu Evance alipaka chokaa juu ya mashua, Holo akimshikia kopo. Kisha akaandika maneno mapya kwa rangi nyeusi: *Kiribati ina visiwa kaskazini na kusini, mashariki na magharibi mwa dunia.* Hapakuwa na bluu ya kuchorea bahari. Chokaa ilikuwa nyepesi, na mtu akisogea karibu aliona tanga la mashua likichungulia chini yake.

Holo alikwenda kumwita Mwanakheri, kopo bado mikononi, akamleta mbele ya ukuta.

"Baba yako alisema kweli," alimwambia. "Mwongo nilikuwa mimi. Mwombe radhi, na mimi nakuomba radhi wewe."

Mwanakheri alimkazia macho. "Na hili jipya?"

"Hili nitakuonyesha kwenye ramani."

Mtoto alifikiri kidogo. "Nionyeshe kwanza, ndipo nimwambie baba."

Babu Evance alicheka hadi akashika mgongo. Mwanakheri alipokimbilia darasani kuomba ramani, mzee aliketi juu ya ndoo yake na kumpa Holo ishara aketi pembeni.

"Umechoka?" aliuliza.

Holo alitaka kusema hapana. Akasema, "Ndiyo, babu. Nimechoka sana."

"Hivyo ndivyo ulivyopaswa kusema Jumatatu ile. Sikia, mjukuu wangu. Kuchoka si kosa, na kutojua si aibu. Mtu akiniambia amechoka, nitampokea mzigo. Akinidanganya, nitampokea nini?"

Akainuka, akachukua kopo mikononi mwa Holo, akalibeba mwenyewe.