Nilimtukana Huka kwa Sababu ya Mafuta ya Nyambizi

Nilibakiwa na asilimia mbili ya mafuta, na Huka alikuwa amemgawia mtu mwingine yote…

Jumapili saa tisa mchana, jasho linanitoka, nakodolea macho meli yake. Tangi lake tupu. Langu linakaribia.

Najua kuna watakaocheka. Chekeni tu, lakini msome mpaka mwisho.

Naitwa Komora. Nina kibanda cha kutengeneza simu hapa Garsen. Nyuma ya kaunta nina laptop, na ndani yake kuna mchezo wa nyambizi, zile meli za kivita zinazopita chini ya maji. Mimi ndiye nahodha. Huka, Muorma wa Madogo niliyesoma naye sekondari, ndiye aliyeendesha meli ya kuniletea mafuta.

Huo si mchezo wa kufyatua tu. Doria moja inakula wiki tatu. Ukikimbiza injini, dizeli inakuishia katikati ya bahari. Ukienda pole, chakula cha mabaharia kinapungua. Kwa hiyo unagawa mafuta mara tatu: ya kwenda, ya kuwinda, ya kurudi. Yale ya kurudi hayaguswi. Ukiyagusa, roho yako iko mkononi mwa mwenye meli ya mafuta. Na nyambizi ikizama imezama, unaanza upya na mtumbwi wa kitoto.

Mimi niliyagusa. Kwa nini? Kwa sababu mwenye meli alikuwa Huka, na miaka miwili hakuwahi kuniangusha.

Nilipofika tulipoahidiana, nikakuta nyambizi nyingine imeshaunganishwa mpira, inanyonya. Ya mtu anayejiita Mahadi. Simjui, hanijui.

Nikaandika: "Mafuta?"

Jibu likaja: "Yameisha. Nimempa huyu."

Nusu saa baadaye ndege za adui zikanikuta nimesimama kama gogo. Nyambizi ya miezi kumi na moja ikaenda chini na watu wake wote.

Nikashika simu nikamtumia Huka ujumbe wa sauti. Dakika mbili na nusu. Nilimwita msaliti. Nilimwambia asinitafute tena maishani. Nililia kwa hasira, sauti ikakatika, nikaendelea. Halafu nikatia neno juu ya kabila lake ambalo sitaliandika hapa. Watu wa Tana, ambako makabila yetu yamewahi kuuana, mnajua neno kama lile linaweza kufanya nini.

Kesho yake namba ya Huka ikapiga. Nikapokea nikiwa bado nimevimba.

"Umepata cha kusema sasa?"

"Kaka Komora, mimi ni Abdia. Dadake Huka."

"Mpe Huka simu."

"Huka tulimzika Ijumaa ya juzi, kaka."

Nikamwambia asinifanye mjinga, jana tu tulikuwa tunacheza.

"Ulikuwa unacheza na mimi."

Nikakaa chini, palepale kwenye vumbi la kibanda, mteja ananitazama.

Ilikuwa figo. Miezi saba Huka alikuwa akivuka daraja kwenda Garissa kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki, simu mkononi, ananiletea mafuta. Alipozidiwa akamfundisha dadake kuendesha ile meli. Akamwambia, chochote kikitokea, asiniache baharini. Ndiyo maana Abdia, matanga yakiendelea, alikuwa akijificha jikoni kila siku kuisogeza meli ya marehemu ili nisikwame.

Nikamuuliza, sasa mbona hukuniambia?

"Huka aliniandikia masharti yako kwenye karatasi. La kwanza lilisema, usimsalimie Komora, hapendi. Mpe namba tu."

Ni kweli. Mimi nilisema hivyo. Salamu za Waorma ni ndefu: wewe hujambo, nyumba, wazee, ng'ombe, mvua imenyesha? Mwanzoni Huka alikuwa akiniandikia zote kabla ya kutaja mafuta. Nikamwambia bro, punguza, tunapoteza muda. Akapunguza. Tangu hapo ikawa "Mafuta?", "Sitini", basi. Nilijua tangi lake lina lita ngapi. Sikujua rafiki yangu anakufa.

"Na huyo Mahadi je?"

"Alinisalimia," Abdia akasema. "Akaniuliza nyumbani wazima? Nikamwambia nina msiba. Ni yeye wa kwanza humo kuniambia pole. Halafu akaomba mafuta. Mtu amekuja na kiu, amekujulia hali, utamnywesha nusu? Mimi nilidhani ni kama kisima chetu, ukichota jioni, asubuhi maji yamerudi. Sikujua hilo tangi halijai. Unisamehe, kaka."

Yeye ndiye aliniomba msamaha. Yeye!

Nikauliza kwa woga kama amesikia ile sauti.

"Tulisikia na mama. Aliona ni rafiki wa Huka, akasema weka tusikie. Mama Kiswahili cha haraka hakijui. Akaniuliza, huyu anasema nini, mbona analia hivi?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia unasema Huka alikuwa ndugu yako, na umeumia hukuitwa kumzika." Akaongeza, "Mama anataka uje."

Jumatano nikapanda basi linalopitia Hola mpaka Madogo. Mama yake alikuwa ameketi mkekani. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaanza salamu, Abdia akitafsiri: mimi, wazazi wangu, shamba letu, mto umejaa? Safari hii nilijibu moja baada ya nyingine, wala sikuruka hata moja.

Kisha mama akasema maneno mengi kwa Kiorma. Abdia akatafsiri.

"Anasema wengi walikuja kumpa pole. Lakini aliyemlilia mwanawe mpaka sauti ikakatika ni wewe. Anasema kuanzia leo wewe ni mtoto wake."

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Abdia akanitazama, akatikisa kichwa taratibu.

Nikasema, "Asante, mama."

Ndugu zangu mnaonisoma, kuna mtu mnaongea naye kila siku, kazi tu, biashara tu, mchezo tu. Leo kabla hujamwomba unachotaka, muulize hali yake, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Mimi nilikuwa na miezi saba ya kuuliza, nikauliza mafuta.

Nilimwomba Abdia aifute ile sauti. Anasema mama amekataa. Kila Ijumaa akimaliza kumwombea Huka, anaomba awekewe aisikilize.