Ruta Isiyo na Mwili

Nina umri wa miaka arobaini na minne, mjane tangu Agosti 2016, mzaliwa wa Kitahana, Kibondo. Sijawahi kuomba hata chumvi kwa jirani. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa mama wa watoto watatu, kisha nikasomea mitandao ya kompyuta.

Mwaka jana nilipokewa kwa mafunzo ya kazi katika hospitali moja mjini Kasulu, pamoja na Neema, rafiki niliyekula naye sahani moja. Mmoja wetu tu ndiye angeajiriwa...

Ruta za kujifunzia, vile vifaa vinavyounganisha mitandao ya kompyuta, hatukuwa nazo, hivyo tulitumia ruta pepe: faili unaloliwasha ndani ya kompyuta, likafanya kazi kama ruta yenyewe. Jumanne ya kwanza ya Juni, Neema aliniletea faili lake, tayari limepangwa. Alinisihi nisichomoe waya wa mtandao wa hospitali, ili zoezi lipate intaneti. Nilisita. Akacheka: "Dada nawe! Ruta haina mwili, itamng'ata nani?"

Nikaiwasha.

Haukupita muda, kompyuta za wodi na za chumba cha vipimo zikaacha kuonana. Muuguzi alipita mbio akipiga kelele kwamba mzazi anavuja damu, na kundi la damu yake halionekani!

Niliitwa. Niliikagua kompyuta ya wodi. Anwani iliyokuwa imepewa, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, haikuwa ya hospitali... ilikuwa ya zoezi langu! Ruta yangu pepe ilikuwa ikigawa anwani jengo zima, na kila kompyuta iliyoipokea ilipotea njia.

Nilikimbia nikang'oa waya. Tukazizima kompyuta na kuziwasha upya. Je, mnajua ilivyo kusimama mlangoni mwa wodi ya wazazi, hujui kama umeua?

Yule mama alipona. Mimi sijapona.

Nilimweleza mkuu wa kitengo ukweli wote, nikaondolewa siku ile ile. Neema aliapa kwamba faili lile halijui, akaajiriwa. Nilipomkabili stendi, alitazama chini: "Nilitaka tu wakuone huiwezi kazi, dada. Sikujua kama kuna mzazi."

Hakujua! Na mimi niliyewasha, nilijua?

Wasomaji wenzangu, nawasihi: faili mlilopewa likiwa limepangwa, lifungueni mlikague kwanza, hata kama aliyewapa ni ndugu wa tumbo moja. Wala zoezi lisiguse kamwe mtandao ambao watu wanautegemea.

Nimerudi Kibondo, na bado ninajifunza. Kila ninapotaka kuwasha ruta, napapasa ubavu wa kompyuta kwa kidole, nihakikishe hakuna waya.

Kisha napapasa tena...