Mwiba Kwenye Leni ya Zipporah

Kila asubuhi Swaleha alichota maji, akampa mdogo wake uji, kisha akakimbia hadi shuleni. Hakuwa amechelewa. Alipenda tu kukimbia, na katika gredi ya sita hakuna aliyeweza kumpita isipokuwa Zipporah. Huyo alimpita popote, hata akiwa na mkoba mgongoni na kiporo mkononi.

Shule yao ilikuwa nje kidogo ya Garsen, mahali ambapo miti ya mathenge humea pale usipoitaka, yaani kila mahali. Miiba yake ni mirefu na wanafunzi wengi hukimbia pekupeku. Kwa hivyo kila mwaka, siku moja kabla ya michezo, uwanja ulifagiliwa kwa makini. Desturi ya shule ilikuwa kwamba hakuna anayefagia leni yake mwenyewe. Kundi la Kiboko lilifagia leni za Mamba, na Mamba wakafagia za Kiboko. Wageni walishangaa, lakini kwa wanafunzi lilikuwa jambo la kawaida, kama kumshikia mwenzako mlango wa choo usio na komeo.

Mwaka huu Swaleha, wa kundi la Kiboko, alipewa leni ya Zipporah. Alifagia vizuri huku akiimba. Kwenye kona ya mwisho aliona kijiti cha mathenge, nusu kimefukiwa na mchanga, miiba yake ikielekea juu. Akainama akiokote. Hapo akakumbuka mwaka jana na mwaka juzi, alivyokitazama kisogo cha Zipporah tangu mwanzo wa mbio mpaka mwisho. Akainuka. Ufagio wake ukapita kando ya kijiti, polepole.

"Sikukiweka mimi," alijiambia. "Na huenda hata asikikanyage."

"Umemaliza?" aliuliza Mwalimu Kazungu, mwalimu wa michezo.

"Nimemaliza, mwalimu."

Siku ya michezo ilifana. Makundi yalipiga gwaride kwa ngoma, akina mama wakauza mahamri kando ya uwanja, na akina baba wakavuta kamba dhidi ya walimu. Kama ilivyokuwa kila mwaka, walimu waliburutwa wakaangukia vumbini, na wanafunzi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Swaleha hakucheka. Mara mbili aliinuka aende kwenye kona ile, na mara zote mbili akakaa tena.

Kisha zikaja mbio za mita mia nne, ambazo zingeamua kundi la kuchukua kombe. Zipporah alitangulia mapema. Walipofika kona ya mwisho, Swaleha alisikia mtu akilia, "Mama!" Zipporah alikuwa chini, ameshika mguu. Swaleha alimpita, akafika wa kwanza. Kiboko walimbeba juujuu wakiimba jina lake. Aliona aibu hata kutabasamu.

Mwiba ulikuwa umekatikia ndani ya unyayo. Zipporah alipelekwa hospitalini kwa bodaboda, na wazazi wakaanza kuulizana mwiba ulitoka wapi ilhali leni ilifagiliwa.

"Jana jioni Mzee Galma alipita hapa na mbuzi wake," alisema mzazi mmoja wa kamati ya shule. "Alikuwa akikokota matawi ya mathenge ya kujengea zizi. Sisi ndio tumemzoeza kupita hapa."

Kweli, shule ilimruhusu Mzee Galma kupitisha mbuzi wake kando ya uwanja kwenda kunywa maji mtoni, kwa sababu pande nyingine zote ni mashamba ya watu. Kamati ikaamua kukutana Jumatatu ili ifunge njia hiyo. Swaleha alisikia kila neno, akanyamaza.

Jumapili mama yake alimtuma ampelekee mgonjwa ndizi. Zipporah alikuwa ameketi mkekani, mguu umefungwa bendeji.

"Nilikuwa nakushinda, na wewe wajua," alimtania. Kisha akasema kwa upole, "Lakini asante kwa kunifagilia. Wangefagia wale wavivu wenu, ningechomwa na miiba mingapi? Ni hawa mbuzi tu walioniponza."

Swaleha aliweka ndizi chini, akaaga bila kuketi. Asante ile ilimuuma kuliko tusi.

Jumatatu, wanakamati waliketi katika darasa la gredi ya sita. Mzee Galma alisimama mbele yao, fimbo mkononi.

"Mimi nilipita, kweli," alisema. "Kama tawi ilianguka, mimi sikuona. Kama ni mimi, mnisamehe, na yule mtoto anisamehe. Lakini mkifunga njia, mbuzi itakunywa wapi?"

Swaleha, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona mzee anaomba msamaha kwa kosa lisilo lake. Akaingia.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilikiona kijiti nilipokuwa nafagia. Nikafagia kando yake."

"Ulikiona?" Mwalimu Kazungu aliuliza. "Kwa nini hukukitoa?"

"Nilitaka kushinda."

Alilia mbele ya watu wote. Kamati iliiacha njia wazi, na kombe likapewa Mamba. Mzee Galma alimgeukia Swaleha.

"Umenisumbua sana, binti," alisema. "Lakini umesema. Haya, mimi nakwenda. Mbuzi ina kiu."

Jioni Mwalimu Kazungu alimsindikiza Swaleha kwa akina Zipporah. Njiani alimwambia, "Anayekimbia kwa kasi hatazami chini. Amekuachia wewe umtazamie. Ndiyo sababu tunafagiliana. Ulipokiacha kijiti ulimuumiza mtu mmoja, na uliponyamaza ukataka kumuumiza wa pili. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaanza kulipia kosa lako."

"Nimekuelewa, mwalimu."

"Sasa kamwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Swaleha alimwambia Zipporah yote, bila kujitetea. Zipporah aliangalia bendeji yake.

"Nenda nyumbani," alisema hatimaye. "Leo sitaki kukuona."

Swaleha aliinuka, machozi yakimlengalenga. Alipofika mlangoni, Zipporah akamwita.

"Kesho uje mapema," alisema. "Siwezi kufika shuleni kwa mguu mmoja, na atakayenishika mkono ni wewe."