Ubao wa Saba

Asubuhi ya tatu, ubao wa saba ulikuwa umepungua tena.

Vumilia alichomoa kizibo cha mti kilichofunika skrubu, akaifungua, akachomeka kipimo cha unene tunduni. Juzi milimita kumi na moja. Jana tisa. Leo sita. Na juu hapajaguswa, ukijivu uleule wa mtiki uliochoka. Ubao ulikuwa unaliwa kwa chini.

Ulikuwa ubao wa sitaha ya boti iliyopandishwa kwa lori kutoka Tanga hadi Magamba, ikawekwa bustanini mwa hoteli mpya ya Bwana Twaha ili iwe baa. Vumilia, mwenye digrii ya misitu na miaka mitano ya kukaa bure, alipewa kazi ya kukagua sitaha na kuirudishia uhai. Alichotaka ni barua ya uzoefu, yenye mhuri, kabla ya Ijumaa, maana kila tangazo la ajira linadai experience kana kwamba watu huzaliwa nayo.

"Shikamoo bosi. Ubao wa saba una shida."

"Marahaba. Shida ni wewe, graduate. Piga msasa, paka mafuta."

"Utatoboka. Niubandue kwanza nione..."

"Ukibandua pale," Twaha alisema, sauti ikashuka ghafla, "barua huna." Akaondoka.

Vumilia akalaza sikio sitahani. Kwaru. Kwaru. Likapanda shombo la chumvi na mwani uliooza, huku juu milimani ambako upepo hunuka misonobari tu, na ukwaruzaji ukasogea taratibu chini ya mbao, ukafuata shavu lake, ukasimama pale aliposimamisha pumzi.

"Inuka, mwanangu," alinong'ona Bi Saumu, mpishi, aliyekuja na sinia la chai.

"Ni panya, bibi?"

"Panya gani analia jina la Mbaraka?"

"Mbaraka ndiye nani?"

"Baharia wa Twaha kwenye boti hii. Alimjibu Twaha mbele ya wageni, Twaha akamfungia humo chini amtie adabu, akakaza mbao kwa skrubu juu ya mlango. Maji yakaingia. Limeniambia lenyewe, jini lililokuwa limemkalia. Mimi pia ni kiti cha jini tangu usichana, nawasikia. Hili kiti chake kimekufa. Halina mikono ya kulipa kisasi, linakwangua tu."

"Linataka mtu?"

"Linataka. Mimi nimeshakaliwa."

Vumilia alicheka, kicheko kikavu. Akawaza bahasha zote alizotuma, na neno lile, *graduate*, Twaha anavyolitema kama kokwa.

"Basi liambie nafasi ipo. Mimi sina kazi."

"We mtoto! Likikukalia halitoki!"

"Permanent and pensionable," alisema Vumilia, akafungua skrubu zilizobaki, akasukuma patasi chini ya ubao.

Ubao ukalia, ukanyanyuka, na giza la chini likampandia mikononi, baridi, likamjaza mabega na koo na macho, mpaka maji ya chumvi yakawa yanachuruzika mikononi mwake.

Twaha alikuja mbio. "Nimekwambia nini? Barua huna! Toka!"

Vumilia akageuka. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kiume, ya pwani.

"Mlango uko wazi, bosi. Shuka."

Bi Saumu aliokota sinia lake, akaingia jikoni, akajifungia. Alisikia yowe moja, fupi. Kisha akasikia skrubu zikirudishwa, moja baada ya nyingine, bila haraka, kwa utaratibu wa mtu aliyeisomea kazi yake.