Namba Arobaini na Moja

"Profesa, fumba macho, nyoosha mkono."

"Wewe mgonjwa una mambo!"

"Mgonjwa ni ini. Mimi mzima. Fumba."

Daktari akafumba. Miaka kumi na miwili alikuwa akitafiti maradhi ya tumbo na ini, na huyu aliyelala kitandani, macho ya manjano, tumbo limejaa maji, alikuwa mchumba wake, fundi makochi. Mganga hajigangi, na kumbe hata wa kwake hamgangi. Asubuhi ile majibu ya picha yalikuwa yametoka: saratani ya ini, imeshasambaa. Hakuna cha kukata wala cha kumeza.

Kitu chepesi kikatua kiganjani.

"Zawadi ya kwanza uliyonipa," alisema Fundi. "Miaka mitatu iko kwenye pochi. Si unakumbuka nilivyokuja kushona makochi ya ofisini kwenu, ukaniomba damu?"

Angesahau vipi? Walikuwa wakitafuta watu hamsini wazima wa kulinganisha na wagonjwa. Kila mmoja alipewa kadi yenye namba. Mtafiti hakutakiwa kujua namba ni ya nani, majina karani aliyafungia kabatini.

"Ukaniambia nisikuonyeshe mpaka utafiti uishe. Mimi mtu wa ahadi."

Daktari akafumbua macho. Ilikuwa ile kadi: arobaini na moja.

Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mbona hivyo? Namba ya mkosi?"

Angeweza kunyamaza. Fundi angekufa akimpenda, na hakuna ambaye angejua. Lakini kadi ilikuwa inamchoma mkono.

"Namba hii niliifuta."

"Kuifuta vipi?"

"Damu yako ilikuwa na virusi vya homa ya ini tangu siku ile, ndivyo vilivyozaa saratani hii. Kati ya wazima hamsini, wewe peke yako. Nikasema vichupa vimechanganywa. Ripoti ilikuwa inasubiriwa, nami nilitaka isomeke vizuri. Nikachora mstari juu ya namba yako, nikaandika wazima arobaini na tisa."

"Si mlisema mkiona kitu mtatuita?"

"Tulisema."

"Na ningeitwa?"

"Ungepewa vidonge. Kimoja kila siku. Huenda leo ungekuwa unapigilia misumari."

Fundi aligeukia ukuta.

"Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha. Nilikupa damu mkononi."

"Nisamehe, mpenzi."

"Toka, Daktari."

Hakuwa amewahi kumwita Daktari hata siku moja; siku zote alikuwa Profesa wake. Akatoka akilia mbele za watu.

Siku tatu mfululizo alifika mlangoni mwa wodi, na siku tatu dada yake Fundi akamzuia.

"Wifi, rudi tu. Amesema akikuona atang'oa dripu."

"Amekula?"

"Vijiko viwili vya supu. Mie sijui mmegombea nini, ila muda wa kununiana hamna."

Siku ya nne, mchana, simu ikalia juu ya meza ya maabara. Ujumbe:

"Njoo. Siwezi kufa nimekununia. Na uje na faili la ule utafiti."

Alikimbia na koti lake jeupe hivyo hivyo.

Fundi alikuwa amekonda zaidi.

"Sijamaliza kukusamehe," alisema. "Ila muda wa kumaliza sina."

"Basi tufunge ndoa, hata hapa hapa."

"Bwana harusi gani huyu, suti inampwaya kote isipokuwa tumboni? Acha hiyo. Mimi nirudishe."

"Nikurudishe wapi?"

"Kwenye hesabu. Mimi sikuwa kosa la kichupa."

"Nikikurudisha, lazima niseme nilikufuta. Watanifukuza kazi."

"Najua."

Daktari akafungua faili magotini. Ule mstari ulikuwepo bado, mweusi, umenyooka. Akatoa simu, akamwandikia mkuu wake: "Ripoti yetu ya wazima si ya kweli. Nilifuta mtu mmoja kwa makusudi." Akatuma kabla moyo haujageuka. Kisha akashika kalamu, akaandika chini ya mstari, akaweka tarehe na sahihi.

"Nisomee."

"Namba arobaini na moja. Mwanaume, fundi makochi." Akafuata maandishi kwa kidole. "Ana homa ya ini. Aitwe haraka."

"Aitwe," Fundi akarudia taratibu, kama anayeonja neno. Akautafuta mkono wake juu ya shuka, akaushika.

"Umechelewa, Profesa."