Majani Yaliyohamishwa Kabla ya Ukaguzi

Mambo yaliharibika Jumatano, baada ya mvua kubwa ya kwanza kunyesha usiku kucha. Asubuhi hiyo Chiriku alikinga ndoo bombani kama kawaida. Bomba likakohoa, likatema tope jekundu, kisha likanyamaza.

"Makubwa!" akasema mama jirani aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. "Leo tutakoroga uji wa udongo?"

Watu wakacheka. Chiriku, msichana wa darasa la sita aliyepewa jina hilo kwa kuongea bila kituo, hakucheka. Alijua tope lile limetoka wapi.

Juu ya chemchemi ya mtaa kuna mteremko mkali. Kamati ya maji iliugawa, kila nyumba ikapewa mstari wa kupanda majani marefu yanayoshika udongo usiporomoke. Mama yake Chiriku alikwisha kufariki, na baba, fundi mwashi, alirudi jioni akiwa hoi. Kwa hiyo kupalilia na kumwagilia mstari wao ilikuwa kazi ya Chiriku. Lakini yeye akitoka shule alipitia kwa rafiki zake kuruka kamba, hata majani yakakauka, vikabaki vishina vya kuhesabika.

Jioni ya kuamkia siku ya ukaguzi, wiki chache kabla ya mvua ile, hofu ilimwingia. Alichukua jembe akapanda hadi juu kabisa, kwenye ukingo wa korongo linaloshukia chemchemi, sehemu iliyotunzwa na mzee mlinzi wa chemchemi. Akang'oa mashina yaliyonawiri, akayashusha na kuyachomeka kwenye mstari wao.

Kesho yake kamati ikaja kukagua. Kukagua kwenyewe sasa! Walisimama njiani, huko chini, viatu vinang'aa, wakanyoosha vidole. Hakuna aliyejisumbua kupanda. Jasho la wenzao walilitazama kwa mbali, kama kawaida yao.

"Mstari wa fundi ni wa mfano," mwenyekiti alisema, na baba akatembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa, Jumatano hii, ukingo wa korongo ulikuwa umemeguka palepale alipong'oa Chiriku. Udongo ulishuka ukafukia tangi la chemchemi.

Mchana watu walikusanyika bombani. Mwenyekiti alipandisha sauti.

"Mlinzi amelala kazini. Tumtoe, tuweke mwingine!"

"Atoke!" baba alidakia kwa sauti kuliko wote. "Sisi tunahangaika na mistari yetu, yeye anaota jua!"

Mzee yule alikuwa akilea wajukuu kwa kazi hiyo, na mmoja wao alikaa dawati moja na Chiriku.

"Wanangu," mlinzi alisema taratibu, "mashimo niliyaona. Nilimwendea mwenyekiti nikamwambia. Akanijibu nisubiri kikao. Mpaka leo nasubiri."

"Mtoeni hata hivyo!" mtu akapaza sauti. Mikono ikaanza kuinuka.

"Baba," Chiriku akasema, "ni mimi."

"Wewe nini? Nyamaza, wakubwa wanaongea."

"Mimi ndiye niliyeng'oa majani ya Babu Mlinzi. Yale mliyoyasifu kwetu ni ya kule juu. Ya kwetu yalikufa."

Mikono ikashuka. Baba alitazama chini, kifua kimenywea.

"Mnaona?" mwenyekiti alichangamka. "Kumbe ni mtoto!"

"Ishia hapohapo!" mama jirani alimkata. "Mtoto kakosa, ndiyo. Wewe ulikagua ukiwa wapi? Na mashimo uliambiwa, ukakalia kikao ambacho hakijaitishwa!"

Mlinzi akabaki na kazi yake, na watu wakachukua sepetu. Baba alipanga mawe kuziba korongo. Chiriku alirudisha mashina juu, mikono ikimchubuka, machozi yakichanganyika na tope.

"Nisamehe, Babu," alisema.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Ila usilimwagilie machozi, lete maji. Shina hili linakauka."

Baba aliweka jiwe chini, akamgeukia.

"Mwanangu, ungeniambia majani yamekufa, ningekukaripia, basi. Tungepanda mengine. Ulipoficha, uvivu wako ulilala kwetu lakini adhabu ikabisha hodi kwa mwingine. Kosa likitokea, liseme likiwa bado dogo." Akasita. "Na mimi nilimhukumu mzee wa watu bila kuja kuangalia. Babu, nami unisamehe."

Ijumaa maji yalirudi, meupe. Kamati ikaweka utaratibu mpya: ukaguzi ni kwa kupanda mpaka juu, na hatari ikionekana watu waende siku hiyohiyo, kikao baadaye.

Ukaguzi uliofuata, mwenyekiti alifika kileleni akihema kama kiberenge. Majani yalikuwa yameshika. Chiriku alipogeuka kutazama upande wa pili, aliona shamba jipya. Miti ilikuwa imefyekwa yote, jembe limeshuka hadi ukingoni mwa kijito kinacholisha chemchemi yao.

"Hili la nani?" akauliza.

"La mkubwa mmoja wa ofisini," mlinzi alijibu kwa sauti ya chini. "Alipewa kibali."

"Nalo lina mstari wa majani?"

Mwenyekiti alikohoa. Baba alijifuta jasho ambalo halikuwepo. Mama jirani, mwenye majibu ya kila kitu, aligeuka kukaza kanga yake.

Chiriku akawatazama mmoja mmoja. "Sasa huyu, nani atamkagua?"