Fundi wa Feni

Viti viwili vilikuwa vitupu, na bado ukumbi wa kliniki ulikuwa umefurika hadi mlangoni. Msusi alivitazama, akabaki amesimama. Vilikuwa vile viti vyenye mikono ya chuma, na kwa kilo zake mia na thelathini na moja alishavijua: kuingia kazi, kutoka aibu. Akanyoosha gauni lake la kijani lenye maua ya njano, akajifanya anasoma tangazo ukutani.

"Na wewe umekataa kukaa," sauti nzito ikasema kando yake, "au viti ndivyo vilivyokukataa?"

Aligeuka tayari kufoka. Akakutana na pande la mtu, ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, macho yanacheka.

"Tumekataana," akajibu.

"Afadhali wewe. Mimi natengeneza lifti. Nikiingia kuijaribu, waliomo wanatoka mbio."

Alicheka mpaka muuguzi akatoka kuwanyamazisha. Kumbe wote wawili walikuwa wamepangiwa operesheni ya kupunguzwa tumbo wiki ile ile, yeye Jumanne, fundi Alhamisi. Walipoagana, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Mapenzi yao yalikua kwa supu iliyochujwa. Siku zile za mwanzo walikunywa kijiko baada ya kijiko, kila mmoja kitandani kwake, simu sikioni.

"Vingapi leo, kipenzi?" fundi aliuliza.

"Vinne. Cha tano kimegoma."

"Kibembeleze. Kiambie nimekituma mimi."

"Mwongo wewe! Vyako mwenyewe umevimaliza?"

"Mimi nimefika cha tatu, natazamana nacho."

Wiki ya tatu wakaingia kwenye vyakula vya kusagwa. Msusi alijifunza kutafuna hadi taya ziume, na kungoja nusu saa baada ya kula ndipo aguse maji. Siku moja alikula kwa pupa, tonge likamkaa kifuani kama jiwe, akatapika, akalia. Fundi alikaa naye simuni saa nzima, hakumwambia pole hata mara moja, alimsimulia tu lifti zilizokwama na watu waliojifanya hawaogopi.

Kilo zikapukutika. Kufikia mwezi wa tatu Msusi alikuwa amepunguza ishirini na sita, fundi kumi na tisa. Lakini nywele nazo zikaanza kubaki kwenye kitana. Msusi asiye na nywele! Akajifunga kilemba, akaenda kazini.

Saluni hakumwambia mtu. "Shoga, siri ni nini?" wateja walimuuliza. "Kutembea na kuacha sukari," alijibu. Alishamsikia mmoja wao akimsema mwanamke fulani: "Mvivu tu yule. Badala ya kufunga mdomo, kaenda kukatwa tumbo." Maneno yale yalimchoma, akayameza.

Basi Jumamosi moja, saluni imejaa, mlango ukafunguka. Alikuwa fundi, shati jeupe jipya, bado mnene, mkononi chupa ya supu.

"Habari zenu jamani."

"Msusi, mgeni wako?" mama mmoja akauliza, akimpima yule mtu toka juu hadi chini.

Akimtaja, wataulizia walikokutana.

"Ni fundi," akasema haraka. "Amekuja kuangalia feni."

Juu yao feni ilikuwa inazunguka bila kasoro. Fundi aliinua uso, akaitazama muda mrefu.

"Nzima," akasema taratibu. "Haina tatizo."

Akatoka na chupa yake.

Siku nane fundi hakupokea simu zake. Siku ya tisa, mteja alipouliza tena siri, Msusi alivua kilemba, kichwa kikabaki wazi mbele ya vioo vyote. "Nimepasuliwa tumbo. Na yule hakuwa fundi wa feni. Ni mpenzi wangu."

"Sasa mwanangu," yule mama akasema, "mbona hukusema akiwepo?"

Kesho yake alimkuta fundi kwenye jengo jipya alikokuwa akifunga lifti, amekaa juu ya sanduku la vifaa. Shati lilimpwaya.

"Sikukuonea aibu wewe," Msusi alisema. "Ni huu mshono wangu. Niliogopa wanicheke."

"Ningejuaje? Watu wamenikana tangu nikiwa shule, nimezoea. Kwako tu ndiko nilikoacha kujikunyata."

"Nimeshawaambia wote."

"Nimefurahi. Kweli." Akamshika mkono, kiganja chake kikiwa baridi. "Nimekusamehe. Lakini nikibaki, kila mlango ukifunguka nitakutazama usoni nione utasema mimi ni nani. Sitaki kukupenda kwa kukuchunguza."

"Nipe muda, mpenzi wangu."

"Nimekubali kazi mji mwingine. Naondoka Jumatatu."

Machozi yalimtoka Msusi, hakuyafuta.

"Nikikupigia, utapokea?"

"Nitapokea," fundi akasema. "Ndiyo maana nakuomba usinipigie."

Wenzake walimwita juu. Akaachia mkono ule kidole kimoja kimoja, akaokota sanduku, akapanda kwa ngazi.

Jumatatu Msusi alisuka vichwa vitano bila kuinua uso. Mara mbili alienda nyuma ya pazia akaishika simu, mara mbili akairudisha mfukoni. Hakumpigia.